Mlima Niliomjengea Mume Wangu

Mume wangu alinunua treni yake ya kwanza kwa mzee mmoja wa mtaa wa Kensington, Johannesburg, aliyekuwa anahamia kwa watoto wake ng'ambo. Aliileta nyumbani ndani ya sanduku la viatu: kichwa cha treni cheusi kinachoenea kiganjani, mabehewa machache, na vipande vya reli vilivyoshika kutu. Nilidhani amemnunulia binti yetu. Binti yetu naye alidhani hivyo hivyo, akalia alipoambiwa asiguse.

Wakati huo hatukuwa tumekaa sana mjini humo. Mimi ni Msambaa, nimezaliwa mlimani juu ya Mombo, na mume wangu nilikutana naye Morogoro, alikokuwa akiishi na wenzake waliokimbia utawala wa makaburu. Tulioana hukohuko. Wenzake walipoanza kurudi kwao, naye akarudi, nami nikamfuata na mtoto mgongoni. Tulipata nyumba mtaa wa Bertrams, ya zamani, yenye dari la bati la nakshi na chumba kikubwa cha nyuma ambamo wenyewe wa kwanza walikuwa wakiweka baiskeli na makopo ya rangi. Siku za mechi kelele za uwanja wa mpira wa jirani zilitufuata mpaka jikoni.

Alikuwa amerudi kwao, lakini hakukuta alichokiacha. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa uhamishoni. Nyumba waliyokulia ilikuwa na watu wengine. Ndugu zake walimpokea vizuri, wakampikia, wakacheka naye, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni, na nadhani mapenzi yake ya treni yalitokea huko. Jioni akitoka kazini alikuwa anaingia chumba cha nyuma, anawasha transfoma, anaketi kwenye kigoda kuitazama treni ikizunguka. Ilikwenda alikotaka iende, ikarudi alipotaka irudi.

Kile kitu tulikiita Meza, kwa sababu kilianza kuwa meza kweli. Baadaye kiliongezewa mbao, miguu na swichi, mpaka kikajaza chumba na kubakiza njia nyembamba ya kupita ubavu. Hata hivyo kwa miaka kilikuwa mbao tupu na reli. Alijua nyaya, alijua kulehemu, alijua kuzifanya treni mbili zipishane zisigongane. Hakujua kutengeneza mahali. Treni zake hazikuwa na pa kwenda.

Mlima niliujenga mimi, wakati ule wa fujo zilizoanzia mtaa wa Alexandra, wageni walipokuwa wakifukuzwa kwenye nyumba zao. Kwetu Bertrams hazikufika kama kule, lakini zilikaribia. Barabarani vijana walikuwa wanawasimamisha watu na kuwaambia wataje kiwiko kwa Kizulu; asiyejua neno hilo alijulikana kuwa mgeni. Mimi Kizulu changu kilikuwa cha kununulia nyama. Mume wangu aliniambia nisitoke, na nisizungumze Kiswahili kwenye simu karibu na dirisha. Binti yetu, aliyekuwa sekondari, alitoka na kurudi kama kawaida, maana yeye Kizulu kilikuwa chake. Mimi nilibaki ndani.

Mtu akikaa ndani muda mrefu kwa hofu, mikono inamsumbua. Nilifua vilivyokuwa safi. Nilipanga kabati na kulipangua. Siku moja nikaingia chumba cha nyuma nipanguse vumbi, nikaitazama ile Meza, nikaona kona yake moja imekaa kama inasubiri kitu. Uani kulikuwa na waya wa kuku uliobaki. Nikaukata, nikaukunja, nikaushindilia kwenye kona mpaka ukawa na mgongo. Nikapika uji mzito wa ngano, nikachana magazeti na kuyachovya, nikayabandika juu ya waya tabaka kwa tabaka. Yalikuwa magazeti ya siku hizohizo. Picha za watu wenye marungu na picha za vitanda vilivyotupwa nje zilizama ndani ya uji, nami nikazifunika na nyingine.

Yalipokauka nikapaka plasta. Udongo mwekundu wa uani nikauchekecha kwa chujio la chai. Machicha ya chai nikayaanika dirishani na kuyamwaga juu ya gundi, yakawa ardhi ya shamba lililolimwa. Kamba ya katani nikaikatakata kuwa nyasi. Dodoki la kuogea nikalichambua, nikalitia rangi ya kijani, likawa miti. Nilipata matuta yote ya shamba la mama yangu yanavyoshuka ngazi ngazi, na mfereji unaopita katikati, nikiutengeneza kwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Nilijenga nyumba yetu na bati lake lenye kiraka. Chini nikaweka stesheni, na kutoka nyumbani hadi stesheni nikachora njia.

Njia ile niliijua kwa nyayo. Baba yangu alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli, na mchana nilikuwa nampelekea chakula. Katikati ya mteremko palikuwa na mwamba, naketi hapo kupumzika, bakuli mapajani, na kama baba yuko kwenye kiberenge cha mafundi kinachopita chini, ananivulia kofia. Hakupunga mkono, alivua kofia, kama anavyomsalimu mtu mzima. Alipofariki, bado niliendelea kwenda kwenye ule mwamba, bila bakuli, kwa muda ambao mama hakuupenda.

Kwa hiyo nilimweka na msichana. Nilimchonga kwa nta ya mshumaa na kijiti cha kiberiti, nikamvisha uzi na kipande cha kanga yangu kisichozidi ukucha, nikamketisha mwambani.

Nilikuwa bado nina gundi vidoleni mume wangu aliporudi kazini na kusimama mlangoni. Aliitazama ile kona mpaka nikadhani amechukia.

"Hii ni Mombo," akasema.

"Ni kwetu."

Akainama, akamtazama yule msichana kwa karibu. "Na huyu nani?"

"Ni mimi. Namsubiri baba apite."

Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo kidogo. Kisha akawasha transfoma, tukaitazama treni ikipita chini ya mlima mara ya kwanza. Nayaeleza haya kwa urefu ili ieleweke kwamba alijua. Aliambiwa na mimi, kwa mdomo wangu, tukiwa tumesimama bega kwa bega.

Fujo zilipopoa nilianza kutoka tena. Nilipata kazi ya kushona Yeoville, kwenye duka la mama mmoja Mkongo, na Jumamosi ndiyo siku tuliyokuwa na wateja wengi. Mume wangu naye alikuwa amejiunga na klabu ya watu wenye treni ndogo, wazee wengi wao, wazungu karibu wote. Mwenzake mmoja alikuja nyumbani kuazima chombo cha kulehemu, akaingizwa chumba cha nyuma, akatoka akiwa mtu mwingine. Wiki iliyofuata akaja na wenzake. Akaja mpiga picha. Picha zikatoka kwenye jarida lao, na baada ya hapo Jumamosi nyumba yetu ilikuwa na wageni, wengine kutoka Durban, wengine kutoka Cape Town.

Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Nikirudi jioni nilikuta vikombe kwenye karo na mume wangu akiwa na uso wa kijana. Alikuwa ananisimulia: fulani wa Bloemfontein ameanza kutumia machicha ya chai, mwingine ameagiza madodoki kutoka kwa shemeji yake, klabu imemwomba atoe somo la kutengeneza matuta. Nilimkumbusha vipimo vya uji wa ngano. Niliongeza miti na mbuzi. Jarida aliliweka kwenye kabati la huko nyuma, nikaziona picha, sikusoma maneno. Nilikuwa najua kilichomo. Nani anasoma habari za nyumba yake mwenyewe?

Hivyo ilipita miaka. Binti yetu akasoma, akaolewa, akahamia Edenvale. Watu ambao sijawahi kuwaona walijenga milima kama wangu kwenye magereji yao, wakamtumia mume wangu picha. Wakati mwingine alinionyesha kwenye simu. Milima mingine ilikuwa ya theluji, lakini matuta yalishuka vilevile, na kwenye mingi palikuwa na mtu mdogo ameketi juu ya jiwe. Niliona ajabu, nikaona fahari.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mgomo wa teksi, ndizo daladala za huku. Hapakuwa na namna ya kufika Yeoville, nikabaki nyumbani. Mgeni wa siku hiyo alikuwa dada mmoja wa Pretoria, kijana, mwenye nywele fupi na daftari la michoro. Kazi yake ilikuwa kujenga mandhari za jukwaani. Alinisalimu vizuri, akaniita Ma, akaniuliza kama anaweza kuvua viatu. Nilimpenda. Nikaenda kuwatengenezea chai ya tangawizi.

Nilikuwa narudi na sinia, mlango wa chumba cha nyuma uko nusu wazi, nikamsikia mume wangu akizungumza Kiingereza, kwa sauti ambayo sikuijua. Ilikuwa sauti ya mtu anayesimulia jambo alilokwisha kulisimulia mara nyingi na anajua wapi pa kunyamaza.

"Nilikuwa mkimbizi," alikuwa anasema. "Kijana, sina nchi. Nilikuwa kwenye treni kwenda kaskazini. Tulipopita chini ya milima ile nikachungulia dirishani, nikamwona msichana ameketi peke yake juu ya mwamba. Tulitazamana. Sikujua jina lake, sijawahi kumwona tena. Lakini nilijiambia, siku nikifika nyumbani, nitamjengea mlima wake. Nilirudi, na nikaujenga."

Yule dada alikuwa analia. Aliniona na sinia, akacheka kwa aibu, akafuta macho. "Samahani, Ma. Niliisoma hii hadithi nikiwa shule. Nilijenga mlima wangu wa kwanza kwa sababu ya msichana huyu, chini ya kitanda changu. Kazi yangu yote imetoka kwake. Nilikuwa nawaza kila siku alikuwa nani."

Mume wangu alinitazama. Hakushtuka. Alichukua kikombe kwenye sinia, akanishukuru, kwa Kiingereza.

Nilirudi jikoni. Nilisimama pale nikaisugua sufuria iliyokuwa safi. Kama angesema tu kwamba ameujenga yeye, ningeumia, lakini ningeelewa, wanaume wengi husema "nyumba yangu" na "watoto wangu". Lakini alikuwa amenitoa mlimani kwangu, mimi na baba yangu na kofia yake, akaweka hapo mtu asiyemjua.

Yule dada alipoondoka nilimfuata mume wangu chumba cha nyuma.

"Ulipanda treni ipi kwenda kaskazini?" nikamuuliza. "Miaka yote ya Morogoro hukuwahi kupita Mombo mpaka nilipokupeleka mimi kwa mama, na tulikwenda kwa basi."

Alikuwa anakunja waya. "Ni hadithi tu, mke wangu. Watu wanapenda hadithi."

"Hadithi ilikuwepo. Nilikupa."

Aliendelea na waya wake mpaka ukaisha, kisha akaketi kwenye kigoda. "Siku ya kwanza nilipokwenda pale klabuni, mtu alinipa ufagio. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani nimekuja kufagia ukumbi. Nilikaa nao muda mrefu sana, nasikiliza, siulizwi kitu. Ule mlima ndio uliowafanya wanivutie kiti. Walikuwa wananisikiliza. Nikianza kusema mke wangu ndiye aliyefanya hiki na kile, ningebaki na nini mimi? Nyaya?"

"Ungebaki na mke."

"Wewe unayo milima yenyewe. Ukitaka unapanda ndege, unaikuta palepale. Mimi nimerudi kwetu na sikukuta hata ukuta."

Nilimwonea huruma. Hilo nalo nililichukia, kwamba hata wakati ule alikuwa na uwezo wa kunifanya nimwonee huruma. Mwishowe akasema klabu inaandaa sherehe ya kuienzi Meza, yule dada atatoa maelezo yenye picha juu ya watu waliojifunza kutokana nayo, na yeye ataombwa kusema machache. "Siku hiyo nitasema," akaniambia. "Mbele ya wote. Nakuahidi."

Nilijishonea gauni la kitenge kwa ajili ya sherehe hiyo. Mama Mkongo wa dukani alinikatia kitambaa mwenyewe, akaniambia, "Mama, siku hiyo watakuangalia sana." Nilimwambia ndiyo, wataniangalia.

Sherehe ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wao. Niliketi mbele na binti yetu. Yule dada alionyesha picha ukutani: milima ya watu wa miji mbalimbali, mandhari zake za jukwaani, darasa la watoto wakimwaga machicha ya chai juu ya gundi. Alisema mlima mmoja kwenye chumba kimoja cha Bertrams ulibadilisha namna watu wa kazi hii wanavyoitazama ardhi. Watu walipiga makofi. Kisha mume wangu akasimama. Alishukuru klabu. Alimtaja mzee wa Kensington na sanduku lake la viatu. Akasimulia habari ya msichana aliyemwona kutoka dirishani, akanyamaza palepale anaponyamaza. Halafu akageuka upande wangu.

"Na mke wangu," akasema, "aliyenivumilia na vumbi langu lote miaka hii, na chai yake mnaijua."

Watu walicheka kwa upendo, wakanipigia makofi. Wa pembeni yangu waligeuka kunitazama. Nilitabasamu. Uso ulifanya hivyo wenyewe kabla sijauambia.

Binti yetu ndiye aliyetuendesha kurudi. Kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, gari liliposimama, mume wangu akasema, "Sikupata nafasi nzuri." Taa ikawaka kijani, tukaenda.

Nyumbani binti yetu alinifuata jikoni. Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi ya kusema; akichoka anarudi kwenye Kiingereza. Siku hiyo alijitahidi.

"Mama, achana nayo. Baba amezeeka."

"Unajua habari gani wewe?"

Akaegemea friji. "Ile habari ya kwenye jarida, ya kwanza, mimi ndiye nilimchapia kwenye kompyuta. Nilikuwa bado shule."

"Ulijua yule msichana ni nani."

"Nilijua. Nilimuuliza Baba. Akaniambia wewe mwenyewe umekubali, kwamba hupendi kutajwa."

"Hukuniuliza mimi."

"Nilidhani mlishaongea," akasema, na kuanzia hapo akaendelea kwa Kiingereza, haraka haraka, kwamba alikuwa mtoto, kwamba baadaye ilikuwa imeshachelewa, kwamba alifikiri labda mimi sijali. Nilimsikiliza huku naondoa pini kwenye gauni. Niliwaza miaka yote ambayo watu wawili wa nyumba yangu walikuwa wanalijua jambo hili wakiwa wanakula chakula changu mezani.

Nilichukua namba ya yule dada kwa binti yangu, nikampigia mwenyewe. Akanikaribisha kwenye karakana yake huko Pretoria, nikapanda teksi nikaenda. Palikuwa pazuri, pananukia mbao na rangi. Kwenye meza yake kulikuwa na mlima mdogo wa mchezo aliokuwa anautayarisha, wenye matuta. Nilimwambia yote. Nilimwambia juu ya waya wa kuku na magazeti, bakuli, baba na kofia yake. Nilimwambia, "Huyo msichana ni mimi." Alinishika mikono miwili, akaikagua kama anayeitambua. Akaniambia nimsamehe, akaniambia anaandika maelezo ya maonyesho makubwa na atarekebisha kila neno. Akaniomba ruhusa azungumze na mume wangu kwanza, kwa heshima. Nikamwambia azungumze naye.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilipika pilau siku hiyo, na mume wangu akaisifu.

Yule dada alipiga simu siku chache baadaye. Nilikuwa kwenye karo. Kabla hajamaliza salamu nilijua kuna kitu, kwa sababu sauti yake ilikuwa imepanda na kupungua mwendo, kama tunavyozungumza na mtu aliyelazwa.

"Ma, nimeongea na mzee. Usijisumbue tena na hili jambo. Kila kitu kiko sawa."

"Amekuambia nini?"

"Amenieleza tu kwamba siku hizi unachoka."

"Amekuambia nini, mwanangu?"

Akasema, "Bibi yangu pia hali hii ya kusahau ilimpata, Ma. Si kitu cha kuonea aibu. Mzee anasema amekusimulia ile hadithi mara nyingi sana nyumbani, mpaka umeanza kujiona wewe ndiye msichana."

Nilimwambia asante. Sikujua neno lingine. Mtu akishaambiwa kwamba akili zako zinayumba, kila utakalosema linakuwa ushahidi. Ukilia, ni ugonjwa. Ukipaza sauti, ni ugonjwa zaidi.

Mume wangu alikuwa chumba cha nyuma, anasafisha magurudumu ya kichwa cha treni kwa pamba na spiriti.

"Umemwambia nimechanganyikiwa."

Aliweka pamba chini. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba mimi ni mwongo miaka yote hii? Mbele ya watu wote wale?"

"Ndiyo."

"Eish, mke wangu."

"Kwa hiyo mimi niwe mgonjwa, ili wewe usiwe mwongo."

Alikirudisha kile kichwa relini, akajaribu kama kinakwenda. Kilikwenda. Nilikitazama kikipita chini ya nyumba ya mama yangu, na nikawaza kuubomoa ule mlima. Ungevunjika kirahisi, ndani ni karatasi tu. Niliuweka mkono juu ya matuta. Lakini ni mimi ningekuwa nimebomoa kwetu, na yeye angewaonyesha watu vipande, kwamba mnaona, niliwaambia. Nikautoa mkono.

Nilimpigia binti yangu nikamwambia aje anichukue. Alikuja asubuhi iliyofuata, na safari hii hakuniambia niachane nayo. Alipokuwa anabeba sanduku langu alisimama koridoni akamwambia baba yake jambo kwa Kizulu, la kifupi, ambalo sikulielewa lote. Mume wangu aliinamisha kichwa. Binti huyohuyo alimpigia simu yule dada wa Pretoria, akamweleza kwamba mama yake haumwi chochote, na kwamba aliyoyasema ni kweli. Yule dada aliona aibu sana, akaniandikia ujumbe mrefu wa kuniomba radhi. Lakini nadhani hakujua amwamini nani kati yetu, au hakutaka kumwaibisha mzee aliyempenda tangu utoto. Maonyesho yalipofunguliwa, binti yangu alinitumia picha ya maelezo ya ukutani. Pameandikwa kwamba mlima ulijengwa na mume wangu, pamoja na familia yake. Msichana wa dirishani bado yupo, aya nzima.

Sasa naishi Edenvale, namlea mjukuu mama yake akiwa kazini, na Jumamosi bado naenda Yeoville kushona. Binti yangu amejifunza kuniuliza mambo. Ananiuliza babu yake alikuwaje, nyumba ilikuwaje, anarudia maneno ya Kiswahili mpaka yakae sawa mdomoni. Ni vizuri, ingawa mara nyingine namtazama nikakumbuka alivyoegemea lile friji. Bertrams sijarudi. Nasikia paa la chumba cha nyuma lilivuja wakati wa mvua, plasta ikavimba, na mume wangu akajaribu kuziba mwenyewe. Wageni wanaendelea kuja.

Jumapili huwa anakuja kula. Hatujaachana, hakuna aliyelitaja neno hilo. Anakuja na mkate na gazeti, anacheza na mjukuu, mimi napika. Jumapili iliyopita, tukiwa bado mezani, aliniambia watu wa klabu wananiulizia.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia umehamia huku kumsaidia binti yetu na mtoto. Wamefurahi sana. Wamesema wewe ni mama mzuri."

"Kwa nini hukuwaambia ukweli?"

Alikuwa ameinua kijiko. Alikishusha, akanitazama kwa muda, na katika uso wake hapakuwa na ubishi wala hila yoyote niliyoizoea.

"Ukweli upi?" akaniuliza, na niliona kwamba anauliza kweli.

Mjukuu aliomba maji. Nikainuka kwenda kumletea.